Maji Gani Nimpe Mwanangu?

SWALI: Assalaam alaykum, Shangazi. Naishi Mkomani, Lamu, nina msichana wa miaka mitano na mvulana wa miezi minne. Baba watoto hununua maji ya chupa ile kubwa ya lita 20, na pesa zinatuishia kabla mwezi haujafika mwisho. Mavyaa wangu asema wanawe walikua kwa maji ya jabia, lile tangi la kukusanyia mvua inayoteremka kwenye sakafu yake, kule Ndau na hakuna aliyeumwa. Ya mfereji yana chumvi, na hata nikiyachemsha haitoki. Yapi bora?
– Mama wa Wawili

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na huyo mdogo, maana jawabu lake ni fupi: usimpe hata tone. Maziwa yako yana maji ya kumtosha mpaka atimize miezi sita, hata kaskazi ikipamba moto. Akitokea wa kumletea zamzam au maji ya kombe yaliyooshewa aya, pokea kwa heshima, kisha unywe wewe.

Tuje kwa dada yake. Chumvi na vijidudu ni mambo mawili mbalimbali. Moto huua vijidudu. Chumvi hubaki palepale, tena ukichemsha mno yakapungua, huzidi kukolea. Maji ya mji wetu hutoka visima vya kwenye milima ya mchanga ya Shela. Mvua huzama mchangani, yakakaa hayo maji matamu juu ya maji ya bahari yaliyo chini. Yakivutwa kupita kiasi, au mvua zikikosa, chumvi hupanda. Ndiyo maana ladha ya mfereji hubadilika. Maji unayoyanywa bila kukunja uso, mtoto wa miaka mitano mwenye afya atayanywa pia, baada ya kuyachemsha. Yakikolea hadi chai ikaharibika, yawe ya kuoshea vyombo.

Mavyaa wako amesema kweli kuhusu ladha, maana maji ya mvua hayana chumvi. Ila hilo la “hakuna aliyeumwa” nimelisikia miaka yote ya uuguzi wangu, na wajukuu wa hao wasemao tuliwapokea wodini usiku wakiharisha. Sakafu ya jabia hupitiwa na mbuzi, ndege na vumbi. Mvua ya kwanza iache ioshe sakafu, maji yake yasiingie. Yatakayofuata yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote, uyaache yapoe humohumo sufuriani, yamefunikwa. Kama makaa au gesi ni ghali, tumia vidonge vya klorini: fuata kipimo cha pakiti, koroga, ngoja nusu saa. Harufu ikimkera mtoto, yaache yatulie usiku mzima, chombo kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi.

Chupa ya lita 20 siilaumu. Tazama alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Lakini nilitembelea nyumba moja, nikapitisha pamba ndani ya kile kibomba cha kutolea maji: ikatoka kijani, inateleza. Watoto walikuwa wakikinyonya kwa mdomo! Kisugue kila unapobadilisha chupa, la sivyo unanunua maji safi na kuyapitisha kwenye uchafu.

Basi mimi ningekuwa wewe, ningetumia ya jabia au ya mfereji yaliyochemshwa, na chupa ningeinunua ile miezi ambayo mfereji umekuwa chumvi tupu. Pesa iliyobaki nunua ndoo yenye kifuniko na bomba. Kata ya kifuu ni nzuri kuitazama ikining'inia msumarini, lakini mtoto hutumbukiza mkono mpaka kiwiko, mkono uliotoka kuchezea mchanga wa punda. Maji ya birika, lile tangi la ndani ya nyumba, yale yenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, yasinywewe mabichi.

Na ikiwa siku moja utalazimika kumpa mvulana maziwa ya kopo, usiyatengeneze kwa maji ya chumvi. Figo zake bado changa. Hapo tafuta ya mvua yaliyochemshwa, au ya chupa, nayo yachemshe.

Msichana akiharisha, mpe maji ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogokidogo, kila baada ya choo. Macho yakiingia ndani au mkojo ukikatika, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.