Simu Ibaki Mkononi mwa Mzee

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Tuwasaidieje wazee wetu wajifunze kutumia kompyuta na simu janja, na si kuzitumia tu bali pia kuzifurahia?" Nilikuwa mhazili wa shule hadi nilipostaafu, na sasa Jumamosi alasiri huketi na wazee wa mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, wake kwa waume, katika chumba cha madrasa tulichoazimwa, tukijifunza vitu hivi pamoja. Jibu langu ni kwamba kifaa chenyewe kisitoke mkononi mwa mzee, na kwamba somo la kwanza litokane na kile anachokipenda yeye, wala si kile ambacho ofisi fulani inamdai.

Kinachotokea katika nyumba nyingi ni hiki. Bibi anamwomba mjukuu amwoneshe namna ya kutuma picha. Mjukuu, kwa mapenzi yake na kwa haraka zake, anasema, "Lete, nyanya, nikufanyie," anaichukua simu, vidole vinapita juu ya kioo mara tatu nne, kisha anairudisha na kusema tayari. Picha imekwenda, lakini bibi hakujifunza lolote isipokuwa kwamba jambo hili ni la vijana. Kesho ataomba tena, kesho kutwa ataona haya kusumbua, na baada ya hapo simu itabaki kuwa ya kupigia na kupokea tu. Kwetu anayefundisha huketi ubavuni mwa mzee, si mbele yake, ili wote wawili waione skrini kutoka upande mmoja, na mikono yake huiweka mapajani. Anaruhusiwa kuonyesha kwa kidole, hana ruhusa ya kugusa. Huchukua muda mrefu, na vijana wanaotusaidia huona dhiki mwanzoni, lakini mzee aliyegusa mwenyewe hatua zote hadi mwisho hurudi Jumamosi inayofuata akiwa anazikumbuka.

Mengi yanayoitwa uzito wa kichwa wa wazee ni mambo ya mwili na ya mipangilio ya simu. Kioo cha simu janja hukitambua kidole kwa sababu ngozi hupitisha chaji ndogo ya umeme. Ngozi ikikauka, kama inavyokauka kwa umri, mguso haushikwi vizuri, na mzee hubonyeza kwa nguvu akidhani hajabonyeza vya kutosha. Akibonyeza kwa nguvu hukawiza kidole, simu ikaelewa kwamba anataka jambo jingine, orodha asiyoijua ikafunguka, naye akashtuka na kuamini kwamba ameharibu. Dawa yake ipo ndani ya simu yenyewe: katika mipangilio ya ufikivu ya simu za Android mna sehemu ya kuongeza muda ambao kidole kinaweza kukaa kabla ya kuhesabiwa kuwa kimeshikilia. Ongezeni muda huo, kuzeni maandishi, na ongezeni pia muda wa skrini kabla ya kuzimika, kwa sababu skrini inayozimika baada ya nusu dakika humzimikia mzee angali akisoma mstari wa pili. Mambo haya matatu humalizika kabla chai haijapoa, na nimeona watu waliokata tamaa wakianza upya kwa sababu yake.

Baada ya hapo ndipo tunauliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: "Unapenda nini?" Hatumwulizi anahitaji nini, kwa kuwa mahitaji yanajulikana na mengi yanachosha.

Alikuja kwetu mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini Kilindini ujana wake wote. Tulimkalisha mbele ya kompyuta tukamwelekeza jinsi ya kukishika kipanya na kukiendesha, naye akafanya kwa adabu, bila furaha yoyote. Nilipomwuliza anapenda nini alisema kwamba bado kila asubuhi hutembea hadi pwani kutazama meli zinazoingia, ila macho hayafiki tena kusoma majina yake. Tukamfungulia tovuti ya MarineTraffic. Meli za safari za kimataifa zenye ujazo wa tani 300 na zaidi hutakiwa, chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kubeba kifaa kinachotangaza jina lake, mahali ilipo na mwendo wake, na tovuti hiyo huzionyesha juu ya ramani. Mzee aliziona meli zilizotia nanga nje ya mlango wa Kilindini, akabofya moja, jina lake likatokea, na bendera yake, na bandari iliyotoka. Siku hiyo hakutaka kuondoka. Katika kufuata meli alijifunza kuivuta ramani, kuikuza na kuipunguza, kurudi nyuma, kufungua dirisha la pili bila kulifunga la kwanza. Na alipotaka kutafuta meli alizozipakua zamani ilimbidi ajifunze kibodi, herufi kwa herufi, jambo ambalo zoezi lolote la kuandika jina lake mwenyewe halikuwa limemvutia kulifanya. Sasa huwaeleza vijana wetu habari za makuli na winchi na shehena, nao humsikiliza kwa makini.

Kwa akina mama wengi wa rika langu na walionizidi, kinachopendwa ni kuzungumza na ndugu walio mbali, na hapa kuna jambo ambalo wanaotengeneza mafunzo ya wazee huko Nairobi hawalifikirii. Wapo wanawake wa Mombasa ambao hawakupelekwa shule ya serikali lakini walisoma chuoni, yaani madrasani, na ambao husoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile zile ambazo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alitumia kuzihifadhi tungo za mshairi Muyaka bin Haji zisipotee. Katika fomu za ofisini mama kama huyo huandikwa kwamba hajui kusoma, na mwenyewe akaja kuamini hivyo. Ilhali kibodi ya Google huweza kuongezewa Kiarabu kwa dakika chache. Na ikiongezwa ya Kifarsi, hupatikana moja kwa moja pia herufi za p, ch na g ambazo Kiswahili kinazihitaji. Nimemwona mama wa miaka sabini na kitu akimwandikia dada yake aliyeko Lamu ujumbe wake wa kwanza wa simu maishani, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kumwita mtu amsomee wala amwandikie. Yaliyokuwamo sikuyajua, na hivyo ndivyo ilivyopasa. Asiyejua hati yoyote ana ujumbe wa sauti, na tangu mwaka 2017 kibodi ya Google pia huandika Kiswahili kinachotamkwa, ingawa lafudhi ya Kimvita wakati mwingine huitatiza.

Nitaje hapa jambo moja dogo kwa sababu limewaliza watu bure. Watoto wetu wengi wako Uarabuni kikazi. Mama akimpigia mwanawe aliyeko Dubai kwa WhatsApp, ujumbe hufika lakini simu haiungi, naye hukaa akidhani amebonyeza vibaya au kwamba mwana hataki kupokea. Si kosa lake wala la mwanawe: katika Umoja wa Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, na wakazi wa huko hutumia programu zilizoidhinishwa kama vile Botim. Mwekeeni mama Botim na mwelezeni sababu. Kumweleza sababu ni sehemu ya kumfundisha. Mzee anayejua kwa nini jambo limekataa hajilaumu, na asiyejilaumu huthubutu kujaribu tena.

Sasa nije kwenye pesa, ambako hofu ya wazee ina msingi. M-Pesa ilianza mwaka 2007, kwa hiyo wengi wao wameizoea kuliko tunavyodhani. Wasichokizoea ni ujanja wa matapeli. Unaingia ujumbe kwamba umetumiwa pesa, kisha mtu anapiga simu kwa sauti ya unyenyekevu, anakuita mama, anasema amekosea nambari, mrudishie tafadhali. Mzee aliyelelewa kwamba mali ya mtu hairudishwi kwa kuchelewa hutuma mara moja, na pesa anayotuma ni yake. Hatuwafundishi wazee kuwa na roho ngumu. Tunawafundisha kuangalia salio kwanza kwa *334#, wala si kuuamini ujumbe. Na kama kweli pesa imeingia, amwambie mpigaji apeleke ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456, ambako kampuni yenyewe hushughulikia kurudisha. Nambari ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa mtoto wa kumzaa. Na tunafanya mazoezi ya kweli, kwa kutumiana kiasi kidogo kama shilingi 20, ambacho hakitozwi ada, mpaka mkono uzoee kusimama na kusoma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.

Lililo zito zaidi kwangu, na ambalo silioni likizungumzwa, ni saiba, yale maduka ya kompyuta za kukodi. Siku hizi pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, kitambulisho na mengineyo hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, kila mzee ilimbidi ajiandikishe upya. Mzee asiyejua huenda saiba, na kijana wa pale humfungulia akaunti. Mara nyingi huweka nambari yake mwenyewe ya simu au anwani yake ya barua pepe, kwa kuwa mzee hana barua pepe na foleni ni ndefu, na neno la siri hulitunga yeye. Kijana huyo pengine hana nia mbaya. Lakini tangu siku hiyo akaunti ya mzee si ya mzee: msimbo wa uthibitisho huenda kwa mtu mwingine, na kijana akihama kazi, mzee hana njia ya kuingia katika mambo yake mwenyewe. Nimewapokea kadhaa wa namna hii, na kuwarudishia akaunti zao kulichukua safari nyingi kuliko ambavyo ingechukua kuwafundisha tangu mwanzo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima, pasipo kunyanyaswa. Sioni namna gani mtu atashiriki kikamilifu ikiwa mlango wa kila huduma umefungwa kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mtu wa dukani. Wenye saiba nawaomba jambo rahisi: tumieni nambari ya mzee mwenyewe, geuzeni kibodi upande wake, mwacheni alitunge na kuliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja hata akichukua robo saa, na msilitazame.

Kuhusu walimu, vijana wanafaa wakikubali ile kanuni ya mikono mapajani, lakini mwalimu aliye bora ni mzee mwenzake aliyetangulia kidogo. Mwenzake anakumbuka mahali alipokwama, hasemi "ni rahisi tu", na mbele yake hakuna haya ya kuuliza jambo lile lile kwa mara ya nne. Zaidi ya hayo, wazee huja wapate kuonana. Darasani kwetu kuna salamu ndefu, kuna kahawa chungu na kashata, na kuna wanaokuja wakiwa hawajaigusa simu wiki nzima. Sioni ubaya wowote, maana swali lenu linataja kufurahia, na kwa watu wa umri wetu furaha haiji kwa kukaa peke yako na kioo.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaoshika funguo za majengo. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilitolewa baharini hapa hapa Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Intaneti inayotumika bara imepita kwanza ufukweni mwetu. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza, jambo jema, lakini sijasikia mpango wa aina hiyo kwa babu na bibi zao. Shule zetu zina vyumba vya kompyuta vinavyofungwa kwa kufuli kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu, na maktaba za umma zina meza, umeme na utulivu. Sihitaji mashine mpya. Nahitaji chumba cha chini, kisicho na ngazi kwa sababu ya magoti, kiwe wazi Jumamosi baada ya sala ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, na mtu mmoja mwenye ufunguo ambaye hatachoka kutusubiri. Mwalimu mkuu au msimamizi wa maktaba aliye Kisauni, Likoni au Changamwe akiwa tayari, wazee wetu waliotangulia wako tayari kuvuka kwenda kuanzisha darasa la pili. Hata wa kwenda Likoni, ambako kuna kivuko, wamekwisha kujitaja.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa