Maabara ya taifa ya mifugo inamsaidia nani? Jibu kutoka kwa mtu aliyekaa mapokezi ya sampuli

Mkuu mleta mada, pole sana. Kwa wanaoingia sasa: ng'ombe wake kadhaa walitupa mimba kwa kufuatana, daktari wa mifugo akachukua damu ikapelekwa maabara ya taifa, kukawa kimya kirefu, halafu badala ya dawa ikaja barua ya karantini. Jibu la kwanza: bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaofanya ng'ombe watupe mimba, "inashukiwa", vipimo vinaendelea. Anauliza maabara hii ipo kwa faida ya nani, maana yeye imemwongezea hasara tu.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya namna hiyo, kwanza mapokezi ya sampuli, baadaye chumba cha seramu, yaani yale maji ya damu yanayobaki chembe zikishatolewa. Sitaitetea kwa kila kitu. Kukaa na sampuli ya mtu bila hata kumpigia simu ni uzembe, lalamika. Lakini wafugaji wengi hawaelezwi kwamba maabara ya taifa haikuwekwa ili kumtibu ng'ombe wako. Hiyo ni kazi ya daktari wako. Maabara ya taifa ipo ili ijulikane kwa hakika ni ugonjwa gani umeingia, uko wapi, na wenye mifugo ambao bado haujawafikia wafanye nini. Kwa magonjwa ya kutolewa taarifa, jibu linakwenda kwa mamlaka ya mifugo, na nchi nayo ina wajibu wa kutoa taarifa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kule Paris. Wewe ulikuwa unasubiri jibu la zizi lako, na wenzako walikuwa wanasubiri jibu hilo hilo.

Sasa turudi kwenye mimba zako. Kutupa mimba si ugonjwa mmoja. Kuna bruselosi, kuna leptospirosi, kuna Homa ya Bonde la Ufa, kuna vimelea vya neospora, na bado kuna sumu na lishe mbovu. Kwa macho hutofautishi. Kwa bruselosi tunaanza na kipimo cha Rose Bengal: tone la seramu na tone la kitendanishi chenye rangi ya waridi juu ya kigae cheupe, unachanganya, unatikisa taratibu dakika nne. Ikibaki laini, hakuna kitu. Ikikatikakatika kama maziwa yaliyoganda, hapo inashukiwa. Nasema inashukiwa kwa makusudi. Kipimo hiki ni chepesi na rahisi, na hakijui kutofautisha kila kitu. Bakteria wengine, hasa aina moja ya yersinia, wana umbo la nje linalofanana na la brusela, bakteria wa bruselosi, kwa hiyo kingamwili ambazo mnyama hutengeneza dhidi yao zinaweza kukidanganya. Ng'ombe aliyechanjwa chanjo ya bruselosi iitwayo S19 akiwa mkubwa naye anaweza kugandisha. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha, na huko ndiko siku zako nyingi zilikokwenda. Ungependa uletewe jibu la siku ile ile, ukauze ng'ombe kwa hasara, halafu ije kujulikana alikuwa amechanjwa tu?

Na kwa nini barua badala ya dawa? Kwa sababu brusela anajificha ndani ya chembe za mwili wa mnyama, na antibiotiki haimsafishi ng'ombe kwa uhakika. Mtu akikuuzia sindano ya "kumaliza" bruselosi, anakuuzia matumaini. Ugonjwa huu unasafiri ndani ya mtamba mzuri anayeuzwa kwa zizi jingine, na kule akizaa au akitupa mimba, kondo la nyuma na majimaji yake yanamwaga bakteria kwa wingi wa kutisha. Karantini inamzuia huyo mtamba. Inauma, najua.

Suala la kuchelewa nalo lina upande wa pili ambao hamuuoni. Nusu ya ugomvi wangu pale mapokezi ulikuwa na sampuli zenyewe. Damu iliyogandishwa nzima kwenye friza kabla ya kutenganishwa seramu inafika nyekundu kama sharubati, haisomeki. Kichwa cha mbwa anayeshukiwa kichaa kimeoza njiani kwa kukosa barafu. Nyama iliyozamishwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia kuoza, ikiambatana na ombi la kuotesha kirusi, wakati fomalini imeshaua kila kilichokuwa hai. Chupa hazina namba, fomu haina umri wa mnyama wala historia ya chanjo. Fomu! Watu wanaidharau kuliko kitu chochote, na bila hiyo mtaalamu anabaki na tarakimu zisizo na maana.

Mfano mmoja nilioushuhudia. Mbuzi wa eneo moja walikuwa wanakufa, kamasi puani, kikohozi, kuhema kwa shida. Kila mtu alisema ni homa ya mapafu ya mbuzi, wakawa wanachoma antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Yule aliyeleta sampuli alikuwa makini: pamba za macho na pua ndani ya kimiminika sahihi, kwenye barafu, na kwenye fomu akaandika kwamba kondoo nao wanaumwa, wanaharisha, na wana vidonda mdomoni. Sentensi hiyo ndiyo iliyotushtua, kwa sababu homa ya mapafu ya mbuzi kwa kawaida haiwaangushi kondoo, wala haileti kuhara. Tukapima PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ya sotoka ya mbuzi na kondoo na ikatoka chanya. Hicho ni kirusi, antibiotiki haikigusi. Kinachosaidia ni chanjo kuwazunguka walio bado wazima. Chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo watu walikuwa wanaidai kwa kelele, isingezuia chochote.

Ugonjwa wa miguu na midomo ndio unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini maabara inahitajika. Mfugaji anasema, "Huo tunaujua, vidonda mdomoni na kwato, maabara ya nini?" Kirusi chake kina aina saba: O, A, C, Asia 1, na SAT 1, 2 na 3. Aina C haijaonekana duniani tangu 2004. Kinga ya aina moja haikukingi na nyingine, na hata ndani ya aina moja yapo matawi yanayoikwepa chanjo iliyopo. Kwa hiyo unaweza kuchanja kundi zima, ukalipa, na bado likaugua, kisha ukaapa kwamba chanjo ni maji. Maabara inatakiwa ipate kipande cha ngozi ya lengelenge bichi, kiwekwe kwenye kimiminika kisicho na tindikali maana kirusi hiki hakivumilii tindikali, itambue aina, na ikibidi ipeleke kwenye maabara ya rejea, yaani maabara kubwa ambayo nyingine hulinganishia majibu yao, kama ile ya Pirbright, Uingereza, kulinganisha na chanjo zilizopo.

Mwingine humu kauliza tunajuaje kama maabara yenyewe inapima sawasawa. Swali zuri. Maabara ya rejea hutuma vichupa ambavyo majibu yake wanayajua wao tu. Mnapima, mnatuma majibu, mnapewa alama. Ukikosea, unaeleza kwa nini. Uliza kama maabara yenu inashiriki na kama ina ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, kwa kipimo husika, maana ithibati hutolewa kwa kipimo, haitolewi kwa jengo.

Halafu kuna kazi isiyoonekana kabisa, ya kuthibitisha kwamba ugonjwa HAUPO. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuisha duniani mwaka 2011, na kabla ya kutangaza ilibidi maabara za nchi nyingi zipime seramu za ng'ombe ambao hawakuwa na tatizo lolote, miaka kwa miaka. Watu waliochukuliwa damu za ng'ombe wazima wakati ule walilalamika kama unavyolalamika wewe.

Kwako sasa. Mwulize daktari namba ya sampuli, kipimo kilichotumika, na kama kile cha kuthibitisha kimefanyika. Mkumbushe kuwataja waliochanjwa S19, na lini. Ng'ombe mwingine akitupa mimba, usiguse kwa mikono mitupu: vaa glovu, ndama na kondo viwekwe kwenye mfuko usiovuja, viende maabara vikiwa baridi; mbwa wasivipate. Ombeni damu ya mara ya pili baada ya wiki mbili au tatu, ili kuonekane kama kingamwili zinapanda. Maziwa yachemshwe. Na yeyote nyumbani aliyesaidia kuzalisha, akiwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, aende hospitali na aseme wazi kwamba anafuga na ng'ombe wanatupa mimba, la sivyo atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.