Mpigaji wa Aprili: Tumwamini Lini?

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani hufunguliwa mwishoni mwa Machi, kaskazi ikikatika, na kabla kusi haijashika barua zimeshaanza kuingia: huyu kijana mpya vipi? Za safari hii zimetoka Malindi na Lamu. Kwa wanaotusoma mara ya kwanza, homurani ni mpira uliopigwa ukavuka ua. Pigo salama ni mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji kwenye besi. Straiki ni mpira aliouacha ukiwa ndani ya eneo la straiki, yaani nafasi ya kupigika mbele yake, au aliotupia gongo akaukosa; zikifika tatu ametolewa. Besi ya bure hupewa mpigaji aliyerushiwa mipira minne mibovu, ya nje ya eneo hilo, bila kuifuata kwa gongo. Zamu ni kila safari mpigaji anaposimama kupiga. Zamu rasmi ni chache kuliko zamu, kwa sababu haziingizi besi za bure wala mipira ya mhanga, ile ya juu inayodakwa huku mwenzake akipata nafasi ya kurudi nyumbani na kuleta pointi. Gawa mapigo salama kwa zamu rasmi, unapata wastani wa kupiga.

Mhariri, salaam. Timu yangu ina mpigaji mpya anayepiga 0.375 baada ya wiki nne. Hesabu zake: zamu 84, zamu rasmi 80, mapigo salama 30, homurani 4, straiki tatu mara 24, besi za bure 3, mpira wa mhanga 1. Barazani wanasema nyota imezuka. Mimi nasita. Tumpime vipi?
*Msomaji, Barani, Malindi*

Umefanya vizuri kuleta hesabu kamili, maana hiyo 0.375 peke yake haisemi kitu. Chukua kalamu.

Kwanza toa homurani kwenye mapigo salama: 30 toa 4, zinabaki 26. Kisha tafuta ni mipira mingapi aliipiga ikabaki ndani ya uwanja: zamu rasmi 80, toa straiki tatu 24, toa homurani 4, ongeza mpira wa mhanga 1. Unapata 53. Gawa 26 kwa 53, jibu ni 0.491. Maana yake, karibu nusu ya mipira aliyoigusa ikabaki uwanjani imeangukia mahali pasipo na mtu. Katika ligi nzima kiwango hicho huzunguka 0.290 hadi 0.300, na hata wapigaji hodari wenye mbio hawadumu juu ya 0.400 msimu mzima.

Sasa mpe bahati ya kawaida, 0.300. Mipira 53 ingemletea mapigo 16. Ongeza homurani zake 4, yanakuwa 20. Gawa kwa 80. Mtu wako wa 0.375 ni mtu wa 0.250.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni hizo 24 na 3. Ametolewa kwa straiki tatu katika asilimia 28.6 ya zamu zake, wakati ligi miaka hii inacheza kwenye 22 au 23. Besi za bure ni asilimia 3.6, na kawaida ni kama 8. Anafuata mipira isiyomhusu, na warushaji bado hawajamgundua.

Mbona tunaamini straiki tatu na hatuamini wastani wa kupiga? Kwa sababu takwimu hazikomai pamoja. Russell Carleton, mtafiti wa besiboli, alizipima moja moja kuona kila moja inahitaji zamu ngapi kabla haijasema zaidi juu ya mchezaji kuliko juu ya bahati. Kiwango cha straiki tatu kinahitaji zamu kama 60. Besi za bure 120. Homurani 170. Wastani wa kupiga unataka zamu rasmi 910, ambazo ni zaidi ya msimu mmoja. Kwa hiyo katika zamu 84 za kijana wako ni kitu kimoja tu kilichokwisha kuiva, nacho ndicho kibaya.

Kosa la kawaida ni kugawa straiki tatu kwa zamu rasmi badala ya zamu zote. Ukifanya hivyo, mchezaji mvumilivu mwenye besi nyingi za bure ataonekana mbovu kuliko alivyo.

Kwa nini wapya wengi huanza kwa kishindo halafu wakazima kama taa ya chemli? Ni uoga?
*Fundi wa boti, Mokowe, Lamu*

Uoga hauhusiki sana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wiki za mwanzo warushaji humkaribisha mpigaji mpya kwa mipira ya kasi iliyonyooka, kwa sababu hawana picha zake za kutosha. Akishasimama mara 50 au 60, kila timu imeshamwona kwa video: anaacha mipira ipi, anafuata ipi, mikono yake inachelewa wapi. Hapo ndipo jembe linapotolewa. Anaanza kurushiwa slaida, mpira unaopinda mwishoni, inayotoka nje ya eneo la straiki kwa chini, au mpira wa kasi usawa wa kifua.

Mfano safi ni Yermín Mercedes wa Chicago White Sox. Mwaka 2021 alifungua msimu kwa mapigo salama 8 katika zamu 8 mfululizo, na Aprili yote akapiga 0.415. Tarehe 2 Julai alikuwa amerudishwa ligi ndogo. Tuffy Rhodes wa Chicago Cubs alipiga homurani tatu siku ya ufunguzi ya 1994, zote dhidi ya Dwight Gooden, na mwaka ule akamaliza na 8 tu. (Hakuwa chipukizi kamili, alishapitia Houston. Baadaye alikwenda Japani, na mwaka 2001 akapiga homurani 55, sawa na rekodi ya Sadaharu Oh ya 1964. Kwa hiyo nguvu alikuwa nazo. Ligi ile ndiyo haikumfaa.)

Lakini usifanye kila kishindo kuwa moshi. Trevor Story wa Colorado Rockies alipiga homurani 7 katika mechi 6 za mwanzo za 2016. Wengi walisema ni bahati. Alifikisha 27 katika mechi 97 kabla ya kuumia kidole gumba. Na kasoro aliyoionyesha tangu wiki ya kwanza ilibaki naye pia: alitolewa kwa straiki tatu mara 130, karibu thuluthi ya zamu zake.

Ukitaka kuona jembe likitolewa, weka daftari. Kwa kila zamu andika mambo manne: mpira wa kwanza ulikuwa wa aina gani, mipira mingapi ilikuwa nje ya eneo la straiki, mingapi kati ya hiyo aliifuata, na alipogusa, mpira uliruka kwa nguvu au uliburuta chini. Jumlisha baada ya kila zamu 25. Wapigaji wa kawaida hufuata kama asilimia 30 ya mipira ya nje. Wako akifuata 16 kati ya 40, hiyo ni asilimia 40, na hata kama wiki ile anapiga 0.350, mambo yanakuja. Tazama pia ile safu ya mpira wa kwanza: ikibadilika kutoka mipira ya kasi kwenda slaida, ujue amekwisha kusomwa. Kitakachofuata kinategemea kama ataanza kuiacha.

Daftari hili haliwezi kujazwa kwa vipande vifupi vya simuni. Vile huonyesha homurani. Slaida aliyoiacha ipite haonyeshwi mtu.

Na aliyeanza vibaya? Kaka yangu ameshamfuta wa kwake baada ya wiki mbili.
*Mama wa duka, Langoni, Lamu*

Mwambie kaka asubiri, ila aangalie ni ubaya wa namna gani.

Willie Mays mwaka 1951 alianza na pigo salama 1 katika zamu rasmi 26, na mwisho wa msimu akawa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, moja ya nusu mbili za ligi kuu. Mike Trout alipiga 0.220 katika mechi 40 za mwaka 2011. Mwaka uliofuata akapiga 0.326 na homurani 30, na kura za mchezaji mpya bora zikamwendea zote. Mwaka 2018 Shohei Ohtani alipiga 0.125 katika mechi za mazoezi za kabla ya msimu, na akaruhusu wastani wa pointi 27 kwa kila awamu 9, yaani mechi nzima, alipokuwa akirusha. Msimu ulipoanza alipiga homurani 22 na kuchukua tuzo ileile. Mechi za mazoezi tunawashauri wasomaji wasiziangalie kabisa, isipokuwa kujua nani ana maumivu.

Aaron Judge ndiye funzo gumu. Mwaka 2016 alipiga 0.179 katika mechi 27, straiki tatu 42 kwa zamu rasmi 84. Kwa kanuni yetu ya zamu 60 tungemwandika vibaya. Mwaka 2017 akapiga homurani 52. Je, kanuni ilikosea? Nusu. Straiki tatu hazikuisha, alipata 208 mwaka huo. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kufuata mipira ya nje, akapewa besi za bure 127, na warushaji wakalazimika kumletea mipira ya kupigika. Ndiyo maana safu ya mipira ya nje tunaipenda kuliko zote.

Jackson Holliday wa Baltimore alionyesha upande wa pili mwaka 2024: mapigo 2 katika zamu rasmi 34, na straiki tatu 18. Akiwa haugusi mpira hata kidogo, kumrudisha ligi ndogo baada ya mechi 10 hakukuwa ukatili. Aliyeanza na 2 kwa 34 huku akigusa mipira mingi na kuipiga kwa nguvu mikononi mwa wadakaji, huyo angestahili kuachwa.

Mrushaji wetu mpya ana wastani wa pointi 5.25 kwa awamu 9. Amerusha awamu 24, pointi 14, homurani 2, besi za bure 8, amegonga mtu 1, straiki tatu 26. Tumtupe?
*Msomaji, Maweni, Malindi*

Hapana. Mrushaji anatawala vitu vichache: straiki tatu, besi za bure, kugonga watu na homurani. Mengine ni ya wadakaji na bahati. Fanya hivi: homurani mara 13, ambayo ni 26. Besi za bure na waliogongwa, jumla 9, mara 3, ambayo ni 27. Jumlisha: 53. Toa straiki tatu mara 2, ambayo ni 52. Inabaki 1. Gawa kwa awamu 24, kisha ongeza 3.10, namba ya kusawazisha na wastani wa ligi. Hubadilika kidogo kila mwaka lakini haiendi mbali. Jibu: 3.14. Huyo ni mrushaji mzuri mwenye mwezi mbaya.

Kumbuka awamu zinaandikwa kwa thuluthi. 24.1 ni awamu 24 na thuluthi moja, yaani 24.33. Ukiiingiza kwenye kikokotoo kama 24.1 hesabu itapinda.

Jambo la pili ni kasi. Andika kasi ya mpira wa kasi katika awamu ya kwanza na ya tano. Ikishuka maili 1 kwa saa, kawaida. Ikishuka maili 2 au 3 kila mechi, anachoka mapema, na atageuzwa kuwa wa kumalizia mechi. Ikishuka ghafla kutoka mechi moja hadi nyingine, fikiria kiwiko au bega. Aprili ya kaskazini ni ya baridi na warushaji wengi hawajafikia kasi yao ya Juni, kwa hiyo linganisha Aprili na Aprili.

Baridi hiyo hiyo huwapendelea kwa upande mwingine: hewa nzito huuzuia mpira. Mpira wa futi 400 hupoteza futi 3 au 4 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi joto linaposhuka. Homurani chache za Aprili anazoruhusu mrushaji wa Boston au Detroit zitaongezeka Julai bila yeye kubadilika.

Kijana anatajwa kila mahali, lakini siku ya ufunguzi hayumo. Amekosa nini?
*Msomaji, Shela, Lamu*

Pengine hakukosa kitu. Mchezaji huhesabiwa mwaka mmoja wa utumishi akikaa siku 172 ligi kuu, na baada ya miaka sita yuko huru kwenda atakako. Timu ikimchelewesha wiki mbili, inampata karibu mwaka mzima zaidi. Kris Bryant aliitwa na Cubs tarehe 17 Aprili 2015, akamaliza na siku 171. Siku moja pungufu! Alilalamika rasmi na akashindwa mwaka 2020. Tangu 2022 timu inayomwanzisha kijana mapema inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji, na mchezo huo umepungua.

Tutazame saa ngapi bila kuharibu kazi ya asubuhi?
*Mvuvi, Ngomeni*

Mechi ya saa moja na dakika tano jioni New York ni saa nane na dakika tano usiku kwetu. Ya Los Angeles ya saa moja na dakika kumi jioni inaanza saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kwa hiyo anayewahi baharini anaweza kupata awamu mbili tatu kabla ya kutoka. Dawa ni Jumapili: mechi za mchana za pwani ya mashariki huanza mnamo saa mbili na nusu usiku.

Kuna Mwafrika aliyewahi kuwa mchezaji mpya huko?
*Mwanafunzi, Malindi*

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Pittsburgh Pirates, tarehe 26 Aprili 2017. Ndiye wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu. Zamu yake ya kwanza alimpiga Jon Lester pigo salama, na ungemwangalia dakika ile ungesema 1.000. Alimaliza mwaka na 0.222 katika mechi 28. Kazi yake kubwa ilikuwa glavu, na hilo halimo katika hesabu yoyote tuliyoifanya hapa.