Saa ya kupwa ya Jumamosi iliyopita si ya Jumamosi hii

SWALI: Mimi na wenzangu wawili tunatembea pwani ya kusini ya Kenya kwa vipande, kila Jumamosi kipande kimoja, kuanzia Likoni. Jumamosi ya kwanza tulifika Tiwi bila taabu, saa 4 asubuhi bahari iko mbali na mchanga ni mpana. Jumamosi iliyofuata, saa 4 ileile, tulikuta mlango wa mto Mwachema, kati ya Tiwi na Diani, umejaa maji ya kifua. Kijana mmoja alituambia tuvuke tu, mabegi kichwani. Tulirudi. Je, ipo ratiba ya saa za kupwa za Jumamosi tunayoweza kuitegemea?

JIBU: Haipo. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Zidisha kwa siku 7, unapata karibu saa 6, na saa 6 ndizo zinazotenganisha kupwa na kujaa. Kwa hiyo anayetembea kila wiki kwa saa ileile huikuta bahari kinyume na alivyoiacha. Hamkupotea wala hamkuchelewa. Mlipanga kwa kalenda ya ukutani safari inayotaka kalenda ya mwezi.

Ruka Jumamosi moja. Baada ya siku 14 kupwa hurudi karibu palepale, ila mapema kwa dakika 40 hivi: kama leo ni saa 4:20, wiki mbili zijazo itakuwa kama saa 3:40. Hayo ni makadirio ya kupangia tu, saa yenyewe itazame kwenye jedwali la kupwa na kujaa.

Kinachochosha ni ule usemi wa "bahari hutoka saa nne". Umetokana na ukweli nusu. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa kuanzia kama saa 4 asubuhi mpaka karibu na saa 6. Wageni wengi huiona bahari siku hizo, wakaondoka na saa hiyo kama sheria. Nenda siku ya 8 au ya 23 ya mwezi mwandamo, siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, uone: saa 4 bahari iko ukutani, na kupwa kunakuja saa 10 alasiri.

Tena hata hiyo saa 10 isingewasaidia, kwa sababu kupwa zote si sawa. Jedwali lina safu mbili, saa na kimo, na watu husoma ya kwanza tu. Kwa jedwali la Kilindini, bandari ya Mombasa, kupwa kwa bamvua hushuka hadi kama mita 0.3, kwa maji mafu huishia kama mita 1.3. Ni mita nzima. Kivuko cha magoti wakati wa bamvua kinakuwa cha kifua wakati wa maji mafu, hata ukifika dakika yenyewe ya kupwa.

Na maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa mara 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya kutoka mita 0.3 hadi 3.5 hupanda sentimita 27 saa ya kwanza. Mtu amekaa kwenye jabali anamenya yai, haoni kitu. Saa ya tatu inapanda 80, na ya nne 80 nyingine, na wakati huo yuko chini ya ukuta wa kiwanja cha mtu usio na ngazi. Basi fikeni penye ugumu saa moja kabla ya kupwa, si baada. Mchanga wa maji uliogandamana hutembeleka kilomita 4 kwa saa, ule mlaini 3 au pungufu. Mkianza saa mbili u nusu kabla ya kupwa na kutoka ufuoni saa mbili baada ya kupwa, kipande ni kama kilomita 15.

Kuvuka: viatu miguuni kwa sababu ya chaza, mkanda wa kiuno wa begi ufunguliwe, fimbo mkononi, miguu iburutwe ili samaki taa mwenye mwiba, aliyelala mchangani, akimbie. Maji yakipita mapaja, rudini. Wakati wa masika mto huwa na maji yake mwenyewe, mekundu, na jedwali halijui kama Kwale kumenyesha. Mkifika Gazi, msibishane na mikoko: shikeni barabara mpaka Msambweni.

Sasa hizi picha za jedwali zinazozungushwa kwenye simu. Isiyo na mwaka ifute. Mwezi husogea siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo jedwali la mwaka jana leo ni la uongo. Angalia pia ni saa za wapi. Zikiwa za UTC, yaani saa za kimataifa, ongeza 3. Halafu kuna wanaosoma 04:10 wakadhani ni saa 4:10, kumbe ni saa 10:10 alfajiri. Makosa matatu haya yanatosha kumfikisha mtu mtoni maji yakiwa kwenye kilele.

Huyo kijana wa "vukeni tu" huenda amevuka hapo mara mia, zote za bamvua. Muulizeni: leo ni siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, na jana saa hizi maji yalikuwa wapi? Mvuvi hujibu kabla hujamaliza swali. Akianza kutazama juu, mpeni ahsante, pandeni barabara kuu, vukeni darajani, mteremkie Diani kwa njia ya Ukunda.