Simu za intaneti ofisini: inaita vizuri, sauti ndiyo inasumbua

Mkuu, umesema ofisi yenu imehamia simu za intaneti, kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti za kumwaga, lakini sauti inakatikakatika mchana. Tena kuna simu ambazo mteja anakusikia ila wewe husikii kitu, na mtoa huduma anasema laini ni safi. Nimefunga mifumo hii kwenye ofisi nyingi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Simu moja ya intaneti hupita njia mbili. Ya kwanza ni SIP, ambayo ni ya kupanga tu: simu ya mezani inajiandikisha kwenye swichibodi, inaomba namba, upande wa pili unaita, mtu anapokea, mwisho mnakata. Ya pili ni RTP, na hiyo ndiyo inabeba sauti yenyewe. SIP kwa kawaida inatumia poti 5060 (poti ni kama mlango wenye namba ambao data hupitia). RTP inapewa poti nyingine ambazo pande mbili zinaelewana simu inapoanzishwa. Kwa hiyo simu kuita na kupokelewa si ushahidi kwamba sauti itapita.

Tuanze na ukimya wa upande mmoja. Ndani ya ujumbe wa SIP simu yako huandika mahali inapotaka kutumiwa sauti. Ikiandika 192.168.1.20, hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi yenu, na huko nje haimfikishi mtu popote. Sauti yako inatoka, ya mteja inapotea njiani. Ruta nyingi zina kipengele kinaitwa SIP ALG, ambacho kinajifanya kurekebisha anwani hizo na mara nyingi kinaharibu zaidi. Mimi nikifika mahali nakizima kabla sijagusa kingine. Kama swichibodi iko ndani kwenu, iambie anwani yenu ya nje na ufungue poti za RTP. Kwenye Asterisk, programu ya swichibodi, mpangilio wa kawaida ni 10000 hadi 20000. Na ukiona simu zinajikata zenyewe kila mara kwenye sekunde ya 32 hivi, usilaumu kasi: upande mmoja umekosa uthibitisho wa SIP kwamba simu imepokelewa, umesubiri, umechoka, umekata.

Sasa kukatikakatika. Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, ya G.711 inakata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti (vipande vya data) 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Hiyo ni kilobiti 64 kwa sekunde. Ukijumlisha vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayotangulia kila kipande, inafika kama kilobiti 87 kila upande. Simu kumi kwa pamoja hazifikishi megabiti moja. Kwa hiyo kununua kifurushi kikubwa zaidi mara nyingi ni kutupa hela.

Shida ni foleni. Mtu wa uhasibu anapandisha faili zito, ruta inalimbikiza pakiti zake, na vipande vya sauti vinakwama nyuma yake. RTP haina muda wa kurudia: simu inayopokea huhifadhi sauti kidogo ili kusawazisha mwendo, na kipande kikifika baada ya zamu yake kupita kinatupwa. Hapo ndipo neno linamezwa. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri ucheleweshaji wa njia moja usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo mazuri. Jipime mwenyewe: endesha ping, amri inayopima muda wa data kwenda na kurudi, kwa mtoa huduma wa simu, kisha pandisha faili kubwa. Ikitoka milisekunde 20 ikaruka hadi 400, umempata mchawi.

Dawa: weka kikomo cha kupandisha data kwenye ruta, chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni ikae kwako na si kwa mtoa huduma. Kisha ipe sauti kipaumbele kwa alama ya DSCP 46, ambayo huandikwa kwenye pakiti kuiambia ruta ipitishwe kwanza. Alama hiyo huko nje kwenye intaneti ya umma mara nyingi haiheshimiwi, lakini msongamano wenu unaanzia mlangoni kwenu, kwa hiyo inasaidia. Watakaokwambia uhamie G.729 kwa sababu inatumia kilobiti 8 tu, waache kwanza. Foleni itabaki palepale, na kodeki iliyobana sana inaumia zaidi pakiti zikipotea.

Faksi kama bado mnayo, iacheni kwenye laini ya zamani.

Halafu hili hukuuliza, ila lina gharama kuliko yote: nywila za namba za ndani. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga poti 5060. Namba ya ndani 100 yenye nywila 100 itapatikana, na wikendi itatumika kupiga namba ghali za nje ya nchi kwa bili yenu. Mwambie mtoa huduma afunge nchi msizopigia na aweke kikomo cha matumizi.

Ukizima SIP ALG na ukimya ukaendelea, nasa pakiti za simu moja kwa Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita kwenye mtandao, utazame mstari unaoanza na c= kwenye ujumbe wa SIP. Weka anwani iliyoandikwa pale hapa tuione, ila ufute namba za wateja kwanza.