Uliza Ujibiwe: Vitabu vya bure viko, ila vimejificha kwa majina ya kale

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, vitabu vya zamani vya bure vinapatikana wapi kwa intaneti. Nimechagua tano. Wengine mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Luanda, Vihiga. Nimetafuta vitabu vya kale kuhusu Waluhya nikachoka, napata tu watu wanaouza vitabu na insha za wanafunzi. Kuna mtu aliniambia viko bure. Ni ukweli?

Mwalimu, aliyekuambia hakukudanganya, viko, na vimekaa huko miaka bila kulipisha mtu hata shilingi. Shida ni neno unaloandika. Ukitafuta "Luhya" ndani ya kitabu cha 1902 hutapata kitu kwa sababu jina lenyewe halikuwa limeshika, watu wetu walianza kujiita Abaluyia kama jina moja miaka ya 1930 huko, kabla ya hapo Mzungu alikuwa anawaita wote Kavirondo, Waluhya na Wajaluo gunia moja, akitaka kuwatenganisha anaandika Bantu Kavirondo na Nilotic Kavirondo. Wakalenjin hivyo hivyo, hilo jina ni la miaka ya 1940, kwa hivyo tafuta Nandi, na Wakipsigis utawakuta wakiitwa Lumbwa. Kisumu ni Port Florence. Mumias ni Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, babake Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Na usiandike Kenya, koloni la Kenya ni la 1920, andika East Africa Protectorate ama British East Africa, na hata hapo bado unaweza kupotea kwa sababu upande wetu huu mpaka 1902 ulihesabiwa kuwa Uganda.

Hapo ndio mimi niliangukia. Kitabu cha C. W. Hobley, yule ofisa wa kikoloni Wajaluo walimbandika jina Obilo, kinaitwa Eastern Uganda, kilitoka hiyo 1902, na mimi nilikipita mara tatu au nne nikisema aah, hiyo ni mambo ya Mbale na Soroti. Kumbe ni sisi! Siku nilikifungua nilikesha.

Sasa mahali pa kuingia. Anza na Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, archive.org, ilianzishwa na Brewster Kahle mwaka wa 1996 kule San Francisco. Ukiandika neno pale juu yenyewe inatafuta majina ya vitabu na maelezo yake ya nje tu, na hilo ndilo kosa la wengi, chini yake kuna mahali unaiambia itafute ndani ya maandishi. Bonyeza hiyo. Ndio utaona "Kavirondo" ikitokea kwa vitabu ambavyo jina lao nje halina habari na sisi kabisa, mtu alikuwa anaandika habari za kuwinda simba akalala Mumias usiku mmoja, na huo usiku mmoja ndio unautaka. Joseph Thomson alipita huko 1883 na kitabu chake cha 1885 kinaitwa Through Masai Land, nani angedhani Kwa Sundu imo humo? Hollis naye aliandika The Nandi, 1909, ana hadithi na vitendawili kwa Kinandi chenyewe na tafsiri kando.

Ukimaliza hapo nenda HathiTrust. Hii ni ya maktaba za vyuo, ilianza 2008, ina vitabu zaidi ya milioni 17, lakini usishangae kitabu kikikataa kufunguka, ukiwa nje ya Marekani wanakufungia vingine ambavyo Wamarekani wanavisoma. Bado ina faida yake: hata kama kitabu kimefungwa, ukitafuta neno inakuambia liko ukurasa gani, sasa wewe unakitafuta kitabu kwa njia nyingine ukijua unaenda ukurasa wa ngapi.

Na kuna kitu walimu wengi hawafikirii, Gazeti Rasmi la Serikali, Kenya Gazette. Matoleo yake tangu 1899 yameskaniwa yako kwa Google Books, yanasomeka bure. Ni kavu kama muhogo wa juzi lakini mashamba, leseni, uteuzi wa watu kazini, mipaka ya wilaya, yote imo, na mwanafunzi akiona jina la kijiji chao limeandikwa vibaya na karani wa 1910 historia inamwingia bila kiboko.

Onyo moja tu Mwalimu. Hao waandishi walikuwa wanatuona kama wanyama wa kuhesabiwa, kuna kurasa utazisoma umekunja uso. Usiwape wanafunzi kabla hujazipitia wewe mwenyewe.

Niko chuo hapa Njoro nasomea Kiswahili. Lekchara anataka nitaje maandishi ya Kiswahili ya kabla ya 1920 na maktaba yetu haina. Nikitafuta "Swahili books" napata vya watalii. – Mwanafunzi, Njoro

Wewe na Mwalimu wa Luanda mko mashua moja. Zamani hizo hawakuandika Swahili vile tunaandika. Kamusi ya Krapf ya 1882 inasema Suahili. Wajerumani wanasema Suaheli. Jaribu zote.

Tena uangalie jina la mwandishi. Desturi za Wasuaheli, 1903, maneno yake mengi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, lakini ukimtafuta Mtoro kwa katalogi za zamani humpati, kimeandikwa Velten, Mjerumani aliyekichapisha. Mtu anaandika sehemu kubwa ya kitabu kuhusu ndoa, ngoma, jando na madeni ya kwao, halafu jina kwa jalada ni la mwingine. Mimi hiyo hunikera kila nikiiona. Basi tafuta Velten, na ukitaja kwa insha yako mtaje Mtoro.

Swahili Tales ya Edward Steere, 1870, iko archive.org, ukurasa mmoja Kiswahili cha Unguja, wa pili Kiingereza. Inkishafi nayo imo ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand cha 1915, huko nyuma, pamoja na tafsiri ya W. E. Taylor, na jina la kitabu ni la lahaja tu kwa hivyo mtu haezi jua kuna utenzi humo.

Ukitaka miswada yenyewe ya mkono, SOAS, chuo kikuu kule London, wameskani mingi wakaweka bure, ikiwemo ya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyokusanya huyo Taylor. Na miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliskaniwa kupitia mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Lakini jua mapema, hizo ni kwa herufi za Kiarabu. Kama hujapita madrasa tafuta mwenzako aliyepita, mnunulie chai, mkae naye.

Habari. Nina watoto watatu na simu moja, naishi Nakuru mtaa wa Rhonda. Kila nikidanlodi kitabu bando inaisha. Nifanyeje? – Mama watatu

Mama, unadanlodi picha bila kujua. Kitabu kilichoskaniwa kikiwa PDF kinaweza kufika MB 50 au hata 100 kwa sababu kila ukurasa ni picha. Kitabu hicho hicho kikiwa maandishi matupu mara nyingi hakifiki hata MB 1. Kwa archive.org angalia orodha ya kudanlodi iliyo kando, chagua maandishi matupu badala ya PDF, makosa ya herufi yatakuwepo hapa na pale kwa sababu ni mashine ilisoma, lakini kinasomeka.

Ya watoto ingia African Storybook. Hadithi fupi zenye picha, ziko za Kiswahili, ziko za Dholuo, ziko za lugha zingine za huku kwetu, na leseni yake inakuruhusu kudanlodi, kuchapa na hata kutafsiri. Zidanlodi ukiwa mahali pa wifi usome nyumbani bila data. Maktaba ya umma hapo Nakuru pia usiisahau, Kisumu na Kakamega ziko vilevile.

Wakikua wakitaka riwaya za Kiingereza, Project Gutenberg. Hiyo ndiyo babu yao wote, Michael Hart aliianza 1971 huko Illinois kwa kuchapa Tangazo la Uhuru wa Marekani kwa kompyuta ya chuo, leo ina vitabu zaidi ya 70,000 na faili zake ni nyepesi. Kwa Kiswahili usiitegemee.

Mkuu, nafanya saiba hapa Kondele. Wanafunzi wananiletea setibuku kwa WhatsApp niwaprintie. Wakishakuwa nayo kwa simu si ni ya bure tayari?

Hapana bro. Kufika kwa simu ya mtu hakufanyi kitu kuwa bure, ng'ombe wa jirani akiingia kwa boma yako bado ni wa jirani. Sheria yetu ya hakimiliki inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote, na akifa inaongeza miaka 50. Waandishi wa setibuku za sasa wako hai wanategemea hizo pesa, na wewe mwenye printa ndio utashikwa kwanza.

Ya kale ni sawa, printa. Ila hesabu si moja kila nchi. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hesabu ya Kenya miaka 50 iliisha na 2012, lakini Marekani vitabu vya zamani wanavihesabia miaka 95 tangu vichapishwe, ndio maana mtu anashangaa kwa nini Kusadikika ya 1951 haiko kwa websaiti za huko.

Mimi pia nimewahi kuuziwa flashi, ati maktaba nzima ya vitabu elfu kumi, mia tano bob, kibandani karibu na stendi. Nusu zilikuwa zile zile za Gutenberg ambazo ningezipata bure, nusu ingine hazikufunguka. Virusi ndio ilifunguka.

Nimestaafu, nakaa Siaya. Mimi kusoma macho yamechoka. Nataka tu kuona picha za wazee wetu, vile walivaa, vile boma zilikaa. Mjukuu atanisaidia kwa simu.

Ahsante mzee, hii imenifurahisha kuliko zote. Mwambie mjukuu atafute Pitt Rivers Museum, hiyo ni makumbusho ya Oxford, halafu aandike Luo. Wana picha alizopiga Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, akizunguka Ujaluoni 1936, na zingine za kina Hobley za miaka ya nyuma zaidi. Mwaka wa 2007 nakala za baadhi ya hizo picha zilirudishwa huku zikaonyeshwa, maonyesho yaliitwa Paro Manene, labda hata uliyasikia.

Mwambie asitafute kwa jina la babu peke yake kwa sababu wengi waliopigwa hawakuandikwa jina, kuna mahali imeandikwa tu mwanamume, mwanamke, mzee na kiko. Atafute kwa mahali, Alego, Gem, Ugenya, Yala, akiandika na tahajia tofauti tofauti. Na kila picha ina namba yake chini, akipata inayofanana na mtu wa kwenu ainakili hiyo namba kwa karatasi, maana mkiamua kuwaandikia kuwaambia huyu ni nani, hiyo namba ndiyo watawauliza kwanza.