Jibu: Mashine ya mawimbi ya sauti kwa kusafishia regulita

Ndugu, umeuliza kama kimashine cha mawimbi ya sauti cha kuoshea miwani kitafaa kwa regulita ya kuzamia, yaani kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi chini ya maji. Kitakusumbua, maana ni kidogo mno. Tafuta ya lita 2 au 3, yenye mawimbi ya kilohezi 40, hita na kikapu, ili vyuma visilalie sakafu ya beseni.

Fungua kila kitu kwanza, toa pete zote za mpira na kiwambo (ule utando laini wa ndani). Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ukiitia beseni, hula ule ukoko wa kijani vizuri sana, ila usivisahau vyuma humo: vikikaa mno siki hubandua krome, ule mng'ao wa juu. Vipande vya alumini visiiguse siki kabisa. Mimi huchungulia kila dakika 5 kwa tochi, hasa kwenye nyuzi za skrubu. Ukoko ukiisha natoa papo hapo, nasuuza kwa maji safi mengi, nakausha. Pete za zamani usizirudishe.